Kiti cha Nyuma ya Darasa

Mwaka mzima tangu apewe ukuu wa skuli, Salhiya hakuzoea kunywa chai peke yake. Katika skuli ile ya Kikwajuni alikuwa amesomesha miaka tisa, na mapumziko ya saa nne yalikuwa ya walimu kugombania maandazi na kutaniana. Siku hizi akiingia chumba cha walimu mazungumzo hukatika, kila mtu akashika daftari, hata asiye na cha kusahihisha. Chai yake huletwa ofisini, imefunikwa kwa adabu zote. Adabu hizo zilimchosha.

Kilichomuuma zaidi ni Kulthum. Walianza ualimu pamoja Uroa, wakipanga chumba kimoja, na miaka yote hiyo Kulthum alimwita "shoga" tu. Sasa ilikuwa "Mwalimu Mkuu" asubuhi na "Mwalimu Mkuu" mchana.

Salhiya akaona dawa ni kuingia madarasani. Hakusudii kukagua, aliwaambia walimu kikaoni. Atakaa nyuma, atazame, kisha wazungumze kama watu wa kazi moja. Akaanza na Kulthum, maana kwake ndiko alikotaka kurudi.

Lilikuwa darasa la tano, somo la hesabu. Kila swali likiulizwa, mikono yote arubaini na tatu juu, na kila aliyechaguliwa akajibu sawasawa. Salhiya alikuwa anaanza kufurahi alipoona kuwa baadhi ya mikono imeshika penseli na mingine mitupu, na Kulthum anachagua yenye penseli tu. Mchezo huo aliujua. Waliutunga wenyewe wawili kule Uroa: anayejua anyooshe na penseli, asiyejua anyooshe mkono mtupu. Mkaguzi aliondoka ameridhika, nao wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Kengele ilipolia alisubiri watoto watoke.

"Mchezo ule tuliwafanyia wakaguzi, Kulthum," alisema taratibu.

"Naam, Mwalimu Mkuu. Na leo nimemfanyia nani?"

Salhiya hakuwa tayari kushindwa. Akasema kesho atasomesha yeye darasa lile, na Kulthum akae nyuma na karatasi, amwandikie makosa yake yote bila ya kumwonea haya. Kulthum akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake alishika chaki mbele ya darasa. Aliandika nusu kujumlisha robo, na kwa papara akajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, akapata mbili ya sita, kosa alilowapigia watoto kelele maisha yake yote.

"Mwalimu, si robo tatu?" akauliza Radhiya, mtoto wa dawati la mbele.

Darasa zima likaangua kicheko. Salhiya naye akacheka, kwa raha hasa, akamtazama Kulthum. Kwa kosa kama hilo, zamani angetaniwa wiki nzima. Kulthum alikuwa ameinama, anaandika.

Somo lilipokwisha, Kulthum alimkabidhi karatasi kwa mikono miwili, akawatoa watoto, akafuatana nao nje. Salhiya aliisoma amesimama mbele ya madawati matupu. Juu palikuwa na tarehe na jina la somo, chini sahihi, na katikati mstari mmoja wa mwandiko uliotulia: "Somo limefundishwa vizuri sana. Hakuna kosa."