Sikio la Kushoto ni la Dada

Muuza simu wa pale kona, kijana ambaye wateja walimbandika jina la Besi kwa sababu kwake muziki usiotetemesha vioo si muziki, alikuwa na maswali mawili tu kwa mtu anayetafuta hedifoni: una kiasi gani, na unasikiliza nini? Ukishamjibu hayo, alijitapa, yeye anakuchagulia kama mshenga mzoefu. Huondoki na asiyekufaa.

Pini alijibu swali la kwanza kwa kuweka noti zake juu ya kaunta, zimekunjwa nyembamba kama pindo la gauni. Besi akazikunjua kwa ncha ya kidole.

"Sawa. Si haba, ila si shibe. Na unasikiliza nini, dada?"

Dada. Tangu azike dada yake, Pini alikuwa amegundua kwamba neno hilo limezagaa barabarani kama maganda ya karanga. Muuza nyanya anamwita dada, mlinzi wa benki anamwita dada, hata anayetaka kumpita kwenye foleni anaanza na dada. Kila mtu anaye wa kumwita. Yeye tu ndiye hana.

"Wimbo mmoja," alisema.

"Namaanisha aina ya muziki."

"Nimekusikia. Wimbo mmoja."

"Dada yangu, hata kengele ya shule ina milio miwili, wa kuingia na wa kutoka!"

"Kwani unauza hedifoni au unauza maneno?"

Besi akacheka, akainua mikono kama aliyekamatwa. Hakujua kwamba amekutana na mtu ambaye jina la Pini hakupewa kwa wembamba wake peke yake. Pini ukiikalia vibaya, inakuonyesha.

Pini na dada yake walikuwa washonaji katika karakana ya sare za shule. Dada alishona kola, Pini alishona mifuko, na kati ya cherehani zao mbili kulikuwa na simu moja na hedifoni moja ya waya, zile za vidude viwili vya kuchomeka masikioni. Bosi wao hakukataza muziki. Alikuwa na sheria moja tu, na aliitangaza kila asubuhi kama mtu anayesoma taarifa ya habari: sikio moja la muziki, sikio moja la bosi. Kwa hiyo waligawana. Pini aliyekaa kushoto alichomeka kidude cha sikio la kulia, dada aliyekaa kulia alichomeka cha sikio la kushoto, na waya ukaning'inia katikati yao kama kamba ya mbuzi. Mmoja akiinuka bila kuaga, mwenzake anavutwa kichwa.

"We! Unakwenda wapi na sikio langu?"

"Chooni. Njoo nalo."

Na kubadilishana vidude ilikuwa mwiko. Pini utotoni aliwahi kuugua sikio likatoa usaha, na mama yao, mwanamke ambaye akishasema neno hata mvua inasubiri, akatoa amri: kila mtu na kidude chake. Akafunga uzi mwekundu kwenye cha kushoto, huyo dada. Uzi mweupe kwenye cha kulia, huyo Pini. "Nikimkuta mtu na uzi wa mwenzake, nitamshona hilo sikio." Sikio likapona, hedifoni zikaharibika zikanunuliwa nyingine, mama mwenyewe akafariki, lakini nyuzi zilihamishwa kutoka hedifoni hadi hedifoni. Amri ya mama haina tarehe ya kuisha.

Sasa, katika nyimbo zilizokuwa kwenye simu hiyo, mmoja ulikuwa wa dansi la zamani, aliowawekea fundi simu kama nyongeza tu. Ndio waliouzoea kuliko zote, na ndio uliowagombanisha miaka yote. Katika wimbo huo Pini alimsikia mwanaume akiita: *Uko wapi? Uko wapi?* Kisha gitaa linabaki linachechemea peke yake, kisha anaita tena. Hajibiwi mpaka mwisho.

"Mwanaume gani huyu hachoki?" Pini alikuwa akisema. "Mtu hakutaki, nenda nyumbani ukale."

"Mbona anajibiwa," dada alimwambia.

"Na nani?"

"Na mwanamke. Anasema yupo."

"Mwanamke wako wa kichwani."

Pini alimfuatisha mwanaume chini chini bila kuwaza, na kila gitaa lilipobaki peke yake, dada aliinamia kola yake na kuimba, kwa sauti iliyopinda kama mshono wa mwanafunzi: *Nipo, nipo hapa, geuka.* Pini aliona ni utani wa dada, kama kawaida yake. "Unaniharibia wimbo," alimwambia. Kila siku, maneno hayohayo. Wangeweza kuamua kesi kwa spika ya simu, lakini spika ilikuwa imekufa tangu simu ilipooga kwenye ndoo ya kufulia. Basi kesi ikabaki hapo, nao wakaizoea, kama watu wanavyozoea mlango unaolia.

Halafu dada akaugua. Alikonda mpaka Pini akawa si pini tena mbele yake.

Alasiri moja wodini, Pini alirudi kutoka kuchota maji ya moto akamkuta dada amefumba macho, vidude vyote viwili viko masikioni mwake. Uzi mwekundu na uzi mweupe. Machozi yanamtoka na huku anatabasamu.

"Pini, njoo. Vaa vyote viwili."

"Umevaa na changu? Mama angekuona!"

"Mama alitugawa vibaya, mdogo wangu. Chukua na langu. Usikie anavyojibiwa."

Pini alikuwa hajalala vizuri tangu wiki ile ianze. Miguu imevimba, na daktari alikuwa ndiyo kwanza amemwita pembeni akamwambia jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia dada. Au pengine dada alilijua kabla yake. Chupa ya maji ya moto mkononi, akasema neno ambalo baadaye angelipa chochote alirudishe:

"Hakuna anayejibu! Anaita hewa. Acha kunidanganya, dada. Kila kitu unanidanganya, hata huko kupona."

Dada alichomoa kidude chenye uzi mweupe, akampa. Chake akabaki nacho. Wakasikiliza kama siku zote, na safari ile gitaa lilipobaki peke yake, dada hakuimba.

Hakuufikia mwisho wa wiki. Katika hekaheka ya kukusanya vitu wodini, blanketi, kikombe, kandambili, hedifoni ikapotea. Simu ikabaki, na wimbo ndani yake.

Ndicho kilichomleta Pini kwa Besi. Alitaka kujua jambo moja: dada yake alimdanganya, au hakumdanganya? Na jibu lolote kati ya hayo mawili lilikuwa na miba. Kama alidanganya, basi alikufa anadanganya. Kama hakudanganya, basi Pini alimwita mwongo mtu aliyekuwa akimgawia kitu cha mwisho alichokuwa nacho.

"Tuanze na hizi," Besi alisema, akimwonyesha vidude viwili ndani ya kijisanduku kama vidonge. "Hazina waya. Za kisasa. Unatembea huru."

Pini akazigeuza kiganjani. "Hazina waya? Sasa mwenzako akiondoka utajuaje?"

Besi akazirudisha kwenye kijisanduku.

"Basi hizi. Zimepita pesa yako, lakini kusikia hakuna kodi." Akashusha hedifoni kubwa nyeusi zenye masikio kama mikate, akachomeka waya kwenye simu ya Pini. "Hapo hata ukisikiliza tangazo la msiba unacheza."

Pini aliziweka kichwani, kisha, bila kukusudia, akasukuma upande wa kushoto ukakaa nyuma ya sikio. Sikio la bosi lile. Wimbo ukaanza. Mwanaume yule aliimba kana kwamba ametumbukia kwenye pipa, na gitaa lake lilikuwa limegeuka ngoma ya mtu mwenye hasira.

"Vipi? Besi hiyo!"

"Umemzamisha."

"Nani?"

"Mwenye wimbo. Namtaka mtu, wewe unanipa radi."

Besi akajikuna. Ujuzi wake, tusimwonee, haukuwa wa kelele tu. "Kumbe wewe ni mtu wa sauti za watu. Ungesema mapema. Sauti za watu hazitaki makeke." Akainama chini ya kaunta akaibuka na hedifoni za kijivu, za waya, za kufunika masikio, zenye sura ya upole kama mwalimu wa chekechea. "Hizi vijana hawazitaki, wanasema hazigongi. Lakini mtu akiimba humu anatoka kama alivyoingia. Na bei yake inaingia kwenye hizo noti, na nauli inabaki."

Pini akazivaa. Kulia juu ya sikio, kushoto nyuma ya sikio.

"Dada, samahani, sikio la kushoto umelikopesha?"

"Si langu."

"Si lako kivipi? Mbona limeota kwako?" Kisha akaona uso wake, akapunguza sauti. "Nakuambia tu kwa sababu wimbo wenyewe, nikiangalia kwenye simu yako, ni wa zamani. Wale wazee walikuwa wanagawa: huyu anaimba upande huu, yule upande ule. Ukivaa upande mmoja unakula nusu sahani."

Pini akabaki amesimama. Mwanaume alikuwa ameshaanza kuita. Pini alikuwa amekuja dukani kwa ajili ya sikio la kushoto, na sasa mkono ulikuwa mzito kama pasi. *Uko wapi?* alisema yule mwanaume sikioni mwake. *Uko wapi?*

Akavuta upande wa kushoto, akaufunika sikioni.

*Nipo,* mwanamke akasema. *Nipo hapa, geuka.*

Alikuwa karibu kiasi kwamba Pini aligeuka kweli. Aligeukia kulia, upande aliougeukia miaka yote, mdomo umeshafunguka kusema, "Dada, yupo!" Pale palikuwa na rafu ya makava ya simu.

Mwanaume akaita, mwanamke akajibu. Akaita tena, naye hakuchelewa hata mara moja. Hapakuwa na mwanaume mjinga. Hapakuwa na gitaa lililoachwa peke yake. Miaka yote hiyo yule mwanaume alikuwa akijibiwa, na miaka yote hiyo, kwenye cherehani ya pili, Pini naye alikuwa akijibiwa, na alichosema yeye ni kwamba anaharibiwa wimbo.

Besi alimletea kiti cha plastiki. Mteja mwingine alipoingia kuulizia chaja, akamwambia, "Rudi baadaye, kaka, tumefunga kidogo," na mlango uko wazi.

"Hizi," Pini alisema baadaye, akijifuta kwa kiganja. "Nachukua hizi."

Besi akahesabu noti, akarudisha moja. "Ya uzi," alisema, kwa kuwa Pini alikuwa amemuuliza kama wanauza uzi mwekundu, na yeye hauzi.

Karakanani uzi haukosekani. Pini aliufunga mwekundu upande wa kushoto, mweupe upande wa kulia, akaweka simu pale pale katikati, kati ya cherehani yake na ile iliyofunikwa kitambaa. Mpiga pasi, mzee mnene aliyekuwa na meza yake nyuma yao miaka yote, alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Umenunua makubwa," alisema. "Unataka kurusha ndege?"

"Mzee, ule wimbo wetu," Pini alisema. "Ulijua kwamba kuna mwanamke?"

"Kwani nilikuwa nausikia kwenye hayo madude? Nilikuwa nawasikia ninyi. Wewe unaita, dada yako anajibu. Sisi huku tuliupata mzima." Akapuliza mvuke. "Mbaya, lakini mzima."

Pini akageukia mfuko aliokuwa anaushona. Alivaa pande zote mbili, akasikiliza kidogo. Yule mwanamke wa kwenye wimbo alikuwa na sauti safi, iliyonyooka, ya kulipwa. Haikupinda popote. Pini akausogeza upande wa kushoto nyuma ya sikio, kama alivyozoea, akakanyaga cherehani.

Gitaa likaingia. Akaanza kuimba chini chini, bila kuwaza, kama mtu anavyokohoa.

"Uko wapi? Uko wapi?"

Gitaa likabaki linachechemea peke yake. Cherehani za upande wa pili zikapunguza kelele, moja baada ya nyingine. Kitambaa juu ya cherehani ya dada hakikutikisika. Ndipo nyuma yake, kwenye mvuke, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha, mpiga pasi akakoroma kwa sauti ya debe bovu:

"Nipo, nipo hapa, geuka."

Mguu wa Pini ukasimama. Hakugeuka. Mshono ulikuwa umeshatoka nje ya mstari, na matone mawili yalikuwa yakitanuka kwenye kitambaa cha kaki.

"Unaniharibia wimbo, mzee," alisema.

Mzee alirudisha pasi kwenye kigae chake, akasubiri zamu yake ifike tena.