Namba ya Aliyeondoka

Karatasi ilikuwa moja tu, nayo ilisukumwa mezani kwa ncha za vidole, kama kitu kinachonuka. Ilibeba maelekezo ya dawa aliyochomwa Atuganile, mama mjamzito kutoka Kawetele, mchana ule wa Machi alipofia wodini: dawa ya kifafa cha mimba, kipimo mara mbili ya kinachostahili. Ilikuwa imechapwa asubuhi hiyo ya Agosti, na chini kabisa kompyuta ilikuwa imeweka jina la mwandishi. Lilian.

"Machi nilikuwa najitolea tu, Katibu," alisema Lilian, muuguzi kijana mwenyeji wa Kasulu. "Akaunti yangu ilifunguliwa Juni, nilipoajiriwa. Aliyeandika ni Tabibu Hosea. Mimi nilikuwa nimemshika mama mkono."

Hosea alikuwa ameacha kazi mwezi Mei na kuhamia mbali. Alipopigiwa simu alijibu kwamba wagonjwa ni wengi, hakumbuki.

Godwin, katibu wa hospitali, akamgeukia Asajile, fundi wa kompyuta. "Mashine inaweza kukosea jina?"

Asajile alikuwa na sababu ya kujiamini. Mwezi Aprili mfumo mzima wa seva, kompyuta kuu ya hospitali, ulikuwa umebadilishwa, na zile amri za zamani za kufungua na kufuta akaunti za watumishi zikawa hazifanyi kazi tena. Yeye ndiye aliyeandika mpya, kwa juma moja, akapigiwa makofi kwenye kikao cha wafanyakazi. Alijua fika kwamba akaunti ya Lilian aliifungua Juni kwa mikono yake mwenyewe. Jambo hilo lilimkwaruza kidogo, mithili ya punje ya mchanga ndani ya kiatu. Lakini aliulizwa swali moja, akajibu lile moja.

"Hapana, Katibu. Mashine haikosei jina."

Lilian alimtazama, kisha akainamisha kichwa. Juma lile lile alipewa barua ya kufukuzwa, na nakala ikapelekwa kwa wanaosimamia leseni za wauguzi. Huko Kawetele jina lake lilifika hata kabla ya yeye kupewa barua. Ndugu wa marehemu walilitamka kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja ugonjwa.

Mvua za Novemba zilikuwa zimeshaanza kuufunika mlima Rungwe pale hospitali ilipoajiri karani wa masjala, Noah. Asajile alimfungulia akaunti asubuhi. Kabla ya saa nne Noah alikuwa mlangoni, anacheka.

"Kaka Asajile, mimi nimeanza kazi leo, mbona nimeshaandika barua sitini? Nyingine za mwaka juzi!"

Asajile alikwenda kutazama, naye akacheka. Kicheko kikamkauka mdomoni. Zilikuwa barua za Mama Neema, karani aliyestaafu Septemba, na kila moja sasa ilisema imeandikwa na Noah.

Alirudi ofisini akafunga mlango. Alichokuwa amekisahau ni kitu ambacho hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa: mashine haimjui mtu kwa jina. Inamjua kwa namba, na jina ni nguo tu inayovalishwa namba hiyo. Zile amri za zamani zilikuwa na kifungu kifupi kilichotunza namba za walioondoka, zisipewe mtu mwingine kamwe. Asajile alikiona Aprili, hakuelewa kazi yake, akakiacha. Amri zake mpya zilichukua namba yoyote iliyo wazi na kumpa mgeni, pamoja na yote aliyoyatenda mwenyewe wa kwanza.

Alitafuta nakala ya akiba ya mwezi Machi. Namba 1042: Hosea. Akafungua orodha ya leo. Namba 1042: Lilian.

Kisha akaandika maelezo yake, kurasa mbili, akachapa orodha zote mbili na kuzipeleka kwa Katibu.

Godwin alisoma mpaka mwisho, akaivua miwani. "Mdogo wangu, wafiwa wametulia. Unataka tukalifukue kaburi? Karatasi hii ikitoka humu ndani, wa kwanza kwenda nyumbani ni wewe."

"Najua, Katibu. Nakala nimeshaituma kule kwenye leseni."

Godwin hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono tu, akaomba funguo za chumba cha seva.

Lilian alikuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa Ibighi, nyuma ya mashine ya kusaga. Asajile alimkuta kibarazani akimenya ndizi, amekonda, kitenge kimefungwa kifuani. Alimkaribisha kwenye kigoda bila kumuuliza kilichomleta. Asajile akaeleza yote, akiwa ameishika karatasi yenye orodha zote mbili, na alipofika kwenye namba akaionyesha kwa kidole.

Lilian aliendelea kumenya. Ndizi tatu, nne. Kisha kisu kikasimama.

"Mwezi wa kwanza baada ya kufukuzwa nilikataa," alisema. "Nilikuwa najiambia, sikuandika, sikuandika. Uliofuata nikaanza kuona mkono wangu. Nauona kabisa, kaka Asajile, uko kwenye kompyuta ya wodi, unabonyeza. Naiona hata saa ukutani." Aliunyanyua ule mkono, mweusi kwa utomvu, akautazama pande zote mbili. "Mwezi uliopita nilikwenda Kawetele. Nikapiga magoti mbele ya mama yake Atuganile, nikamwambia ni mimi."

Mashine ya kusaga ilinguruma, ikanyamaza.

"Alifanya nini?" aliuliza Asajile.

"Alininyanyua. Akanipa maji nikanywa." Lilian alikiweka kisu chini. "Sasa nirudi nikamwambie nini? Kwamba yule aliyemsamehe siye mkosaji?"

Matone ya kwanza yalianza kugonga bati. Asajile aliisogeza karatasi mbali na ukingo wa baraza isilowe, lakini Lilian hakuiangalia. Alikuwa amefumba macho, ameukunja ule mkono kifuani kama mtu anayembembeleza mtoto asiye wake.

"Hebu nieleze tena," alisema. "Polepole. Anzia Machi."