Imepokelewa, Dawati la Malalamiko

Kazini wananiita Mzee Muhuri. Sikatai. Mtu akigonga muhuri miaka ishirini na sita, jina alilopewa na wazazi wake linabaki la kusainia mshahara tu. Dawati langu liko ghorofa ya chini, nyuma ya lifti, na mlangoni pameandikwa Malalamiko. Barua inakuja, nagonga IMEPOKELEWA na tarehe, naiweka kwenye trei. Baada ya trei sijui inaelekea wapi. Zamani nilikuwa nauliza. Siku hizi hata kuuliza kumenichosha.

Kwa hiyo nilishangaa Jumatatu nilipoitwa ghorofa ya sita, ambako zulia ni nene hata mtu hasikii hatua zake mwenyewe. Kamati ya Bunge ilikuwa imemwita Mkurugenzi wetu aende Alhamisi kuhojiwa kuhusu mikopo ya nyumba: riba zinazopanda mteja hajaambiwa, nyumba zinazopigwa mnada, wajane wanaotolewa vyombo nje. Mwanasheria wa benki, mama mmoja mwenye upole wa muuguzi aliyeficha sindano mgongoni, alitaka Mkurugenzi afanyishwe mazoezi. Alihitaji mtu wa kuigiza mbunge.

"Wewe ndiye unayejua watu wanalalamikia nini," aliniambia. "Muulize kama watakavyomuuliza wao. Usimwonee haya."

Wakanikalisha upande wa pili wa meza, wakaniwekea chupa ya maji. Mkurugenzi akatabasamu. "Haya, Mheshimiwa, karibu." Watu wakacheka.

Basi nikamuuliza. Jamani, nilimuuliza! Nilimuuliza kwa nini mkataba wa mkopo una kurasa thelathini na mteja anapewa dakika kumi kusaini. Nilimuuliza mthamini anayekadiria nyumba za mnada analipwa na nani. Nilimuuliza ni mara ngapi nyumba imenunuliwa na ndugu wa mtumishi wa benki. Maswali yalikuwa yamelala kifuani mwangu miaka mingi, yakaamka yote kwa mpigo. Mkurugenzi alilegeza tai. Sitaficha, nilifurahi. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilifurahi ndani ya jengo lile.

Kila alipokwama, Mwanasheria aliandika. Jumanne jioni kulikuwa na kadi arobaini zenye namba, kila moja na jibu lake, na Mkurugenzi alikuwa amefundishwa kanuni moja tu. "Ukikwama, nyoosha mkono nyuma," Mwanasheria alimwambia. "Utapewa karatasi. Isome kama ilivyo. Usiongeze neno, usipunguze neno." Wa kumpa karatasi nilikuwa mimi, kwa sababu nilijua swali linaelekea wapi kabla halijaisha.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Kwa siku mbili nilikuwa nimemnolea kisu mtu ambaye shingo ya kwetu iko mezani kwake.

Kaka yangu alijenga nyumba kwa mkopo wa benki hii hii, na mimi ndiye niliyemshauri. Alifariki mwezi wa pili, ghafla, akiwa anafunga kamba za viatu. Mikopo yetu ina bima: mkopaji akifa, bima inalipa deni lote na familia inabaki na nyumba yake, mradi tu benki ijulishwe ndani ya siku tisini. Benki ikasema haikujulishwa. Mwezi wa nane wakabandika karatasi getini. Mnada ulikuwa Ijumaa, siku moja baada ya Mkurugenzi kuhojiwa.

Shemeji yangu, mjane wa kaka, alishikilia kwamba cheti cha kifo alikipeleka mwenyewe.

"Nilikiacha kaunta, tawi la sokoni," aliniambia zaidi ya mara kumi. "Yule binti akasema atakituma makao makuu."

"Na nakala yenye muhuri iko wapi?"

"Hakunipa. Nami sikujua kama inadaiwa."

"Ungeniletea mimi, shemeji! Ndugu yako anakaa makao makuu, wewe unaacha karatasi kaunta?"

"Ulikuwa umetoka msibani juzi tu. Sikutaka kukusumbua kazini."

Nilimgombeza. Mbele ya watoto wake nilimwambia kwamba uzembe wake ndio umeiuza nyumba ya kaka yangu. Aliinuka akaenda kukunja nguo.

Jumatano Mwanasheria alinituma stoo nimletee barua za malalamiko za mwaka huu, azipitie asije akashtukizwa. Stoo yetu ina boksi moja limeandikwa Mengineyo. Ni la karatasi za matawi zinazofika dawatini kwangu bila fomu. Kisicho na fomu si lalamiko, kwa hiyo hakiendi popote. Kinagongwa muhuri, kinatupwa humo. Utaratibu huo niliukuta, na sikuwahi kuugusa.

Cheti cha kifo cha kaka yangu kilikuwa humo, katikati ya boksi. Alifariki tarehe ishirini na tano mwezi wa pili. Kwenye kona ya juu kulikuwa na muhuri, IMEPOKELEWA, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, na saini yangu ndani ya duara. Siku kumi na saba.

Niliketi juu ya ndoo ya rangi. Wiki ile nilikuwa nimerudi kazini kutoka msibani. Nadhani zilikuwa zimerundikana karatasi mia tatu, nikazigonga zote kabla ya saa saba. Kaka yangu alipita mikononi mwangu, nami nikampiga muhuri nikamweka pembeni. Jina sikulisoma. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimekaa tangu Jumatatu nikihesabu makalio ya wenzangu.

Nilikipeleka mbio kwa Mkuu wa Mikopo. Alikitazama, akanirudishia kwa ncha za vidole.

"Baada ya Alhamisi," akasema.

"Mnada ni Ijumaa asubuhi, bosi."

"Mzee Muhuri, muhuri ni wa nani huo? Hiki kikitoka, kitatoka na wewe. Umebakiza miaka mingapi ustaafu?"

"Miwili."

"Basi."

Nilirudi chini. Kabla ya kuondoka nilitoa kopi, nikaikunja kona ya muhuri ikae juu, nikaitia kwenye mfuko wa shati. Sikuwa na mpango wowote. Ningependa kusema nilikuwa nao.

Alhamisi chumba cha kamati kilijaa mpaka mlangoni. Feni moja ilizunguka, nyingine ilikuwa pambo. Mkurugenzi na Mwanasheria walikaa mbele, mimi nyuma yao na boksi langu la kadi. Upande wa wananchi, mstari wa tatu, alikaa shemeji yangu kwa gauni lake la kijani la shughuli zote. Alinipungia mkono kidogo, kama mtu anayeona ndugu yake amefanikiwa.

Na Mkurugenzi alikuwa hodari siku hiyo! Wabunge waliuliza maswali malegevu, nusu ya yale niliyouliza mimi, naye aliyapokea kama mtu anayepokea mzigo mwepesi. Kuhusu mkataba, kadi ya nne. Kuhusu wathamini, kadi ya kumi na moja. Mkono wake ulikuja nyuma, vidole vikafunguka, nikampa, akasoma. Mbunge mmoja alifika mahali akampongeza kwa uwazi. Nilitamani kulia, maana uwazi ule niliufuma mimi.

Ilipokaribia saa saba, wengine wakianza kukusanya karatasi zao, mbunge mmoja mzee, mwalimu mstaafu, aliwasha kipaza sauti. Alikuwa amechoka kuliko sisi wote.

"Mkurugenzi, mimi nina moja tu. Ipo hata familia moja iliyowaletea taarifa ya kifo ndani ya siku tisini, na bado nyumba mkaipeleka mnadani?"

Ilikuwa kadi ya thelathini na moja. *Mheshimiwa, benki haina kumbukumbu ya tukio la aina hiyo.* Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe Jumatatu, na jibu lilichukua dakika arobaini kutungwa.

Mkono ukaja nyuma. Vidole vikafunguka.

Nilimtazama shemeji. Alikuwa ameinama mbele, viganja vimebanwa katikati ya magoti, anasubiri jibu kama wengine. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa shati.

Mkurugenzi akasoma kama ilivyo. Alikuwa mwanafunzi mzuri.

"Imepokelewa, Dawati la Malalamiko, tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Cheti cha kifo. Tarehe ya kifo, ishirini na tano, mwezi wa..." Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake kama kuna kitu kilichobaki.

"Endelea," mbunge akasema.

"Mwezi wa pili."

"Siku kumi na saba. Na nyumba yenyewe iko wapi sasa?"

Mkurugenzi akanyoosha tena mkono nyuma. Aliyesema alikuwa shemeji yangu, amesimama, mkoba umemwanguka miguuni. "Inauzwa kesho, mheshimiwa. Saa nne asubuhi."

Kelele zilizofuata sikuzifuatilia vizuri. Mwenyekiti alimtaka Mkurugenzi atamke pale pale kwamba mnada umesimama na bima itadaiwa, naye akatamka. Wakataka karatasi zote za aina hiyo ziletwe kwenye kamati, yaani boksi lote la Mengineyo. Kisha Mwanasheria akamnong'oneza Mkurugenzi sikioni, na Mkurugenzi akapata sauti yake tena.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, inaonekana ni uzembe wa mtumishi mmoja. Aliipokea taarifa akaikalia. Benki itamchukulia hatua kali."

"Mtumishi huyo ni nani?"

Nilisimama. "Ni mimi, Mheshimiwa. Muhuri ni wangu, na saini ni yangu."

Sikumtazama shemeji. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kiliniumbua kifo cha kaka yangu mwenyewe, mbele ya kamera.

Tulikutana kwenye korido, karibu na meza ya kurudishia vitambulisho vya wageni. Boksi la kadi lilikuwa limeshachukuliwa mikononi mwangu, pamoja na kitambulisho cha kazi. Nilibaki na ile kopi tu, mhudumu wa kamati alikuwa amenirudishia. Shemeji alikuja polepole, akasimama mbele yangu.

"Nyumba imebaki?" aliuliza.

"Imebaki."

"Na wewe?"

"Mimi nadhani nimemaliza."

Akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono nami nikampa karatasi. Aliitazama ile kona ya juu.

"Ulinigombeza mbele ya watoto," akasema.

"Nisamehe, shemeji. Nilikuwa sijajua. Nimejua jana."

"Iko mikononi mwako tangu mwezi wa tatu. Hukuliona jina?"

"Sikusoma. Zilikuwa nyingi, nilikuwa nimechoka. Huwa nagonga tu."

Nilifikiri atanipiga, na ningeshukuru. Akaifungua ile karatasi mikunjo yote, akainyoosha ukutani kwa kiganja, akanirudishia.

"Basi lisome sasa," akasema.

Watu walikuwa wanapita, wabunge na waandishi na wenye kesi zao. Nikavaa miwani. Nikayasoma majina ya kaka yangu, yote matatu, kwa sauti, mpaka mwisho.