Kesi ya Watu wa Benchi

Kinyozi alikuwa na kiti. Kwa asiyejua mambo ya chumba kile, hilo ni neno dogo tu.

Chumba cha kuoshea damu katika hospitali ya serikali kilikuwa na mashine chache, na kando ya kila mashine kiti kimoja cha kuegemea, ngozi yake imechanika ikazibwa kwa plasta. Mwenye figo zilizokufa akipangiwa kiti, basi ni chake. Siku zake zikifika anakuja, anapimwa uzito, anachomwa sindano mkononi, damu inatoka, inasafishwa, inamrudia. Asiye na kiti anakaa koridoni kwenye benchi la mbao, mpira wa plastiki wa kupitishia damu umening'inia shingoni, akingoja mwenye kiti asitokee. Na mwenye kiti hakosi kutokea ila kwa sababu moja. Wote waliijua, na hakuna aliyeitaja.

Ndiyo maana salamu za korido ile zilikuwa na miba.

"Umeamkaje, kaka kinyozi?" mshonaji alimwuliza kila alipopita. Huyu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ulimi mrefu, fundi wa sare za shule, na ndiye aliyekuwa mkongwe wa benchi.

"Nimeamka, dada. Pole sana."

"Aa, usijali. Wiki ni ndefu."

Benchi zima lilicheka, kicheko cha watu wenye makoo makavu walioambiwa wasinywe maji. Kinyozi naye alicheka, akaingia upesi, akaketi dirishani pake, akashika mikono ya kiti kama abiria wa gari lililokata breki. Kila mara aliogopa kwamba safari hii Sista Mkuu, muuguzi msimamizi wa chumba, atamtazama na kusema, wewe inuka, nimempa mwingine.

Siku moja mshonaji hakutania. Alikuja na wakili, kijana mrefu aliyevaa suti ya kumbana, na akalitangazia benchi kwamba anaishtaki serikali.

"Imeandikwa kwenye katiba kwamba kila mtu ana haki ya afya," alisema. "Kila mtu! Haikuandikwa kila mtu mwenye kiti."

Watu wa benchi wakapiga makofi. Kinyozi, aliyekuwa ndani, alisikia kupitia mlango wa kioo. Alipiga hesabu ya mtu mwoga. Mshonaji akishinda, benchi lote litaingia. Mashine ni zilezile. Basi watagawana, na yeye anayeoshwa mara mbili kwa wiki ataoshwa mara moja. Aliwahi kumwona mtu wa mara moja. Alivimba uso hadi macho yakabaki nyufa, akawa analala ameketi ili apate pumzi, na mwisho hata kuketi hakukusaidia.

Kwa hiyo mtu wa mwisho duniani kutaka kesi ile ishinde alikuwa kinyozi. Na ndiye wakili aliyemtaka awe shahidi.

"Wewe una kiti," wakili alimwambia, akimwinamia kibandani kwake huku mteja mwenye povu la sabuni kichwani akisikiliza. "Ukieleza chumba kinavyoendeshwa, hakuna atakayesema una wivu."

Kinyozi hakukubali, hakukataa. Alijifanya anatafuta kitana. Siku chache baadaye ukaja wito wenye muhuri wa mahakama, na hapo mambo yakaisha, maana kinyozi alikuwa hajawahi maishani kuona karatasi yenye muhuri iliyoleta heri. Alidhani ukiitwa na mahakama huna mdomo. Ni kama kuitwa na polisi.

Mkewe ndiye aliyesoma tarehe.

"Baba Mapacha, hii si siku yako ya kuoshwa?"

"Ndiyo."

"Sasa? Mwambie wakili abadilishe."

"Nimwambie jaji abadilishe siku kwa sababu ya kinyozi? Mama Mapacha, unataka nifungwe?"

"Basi kamwombe Sista abadilishe yeye."

Kwa Sista Mkuu nako ukuta. Zamani wagonjwa walibadilishana siku, mpaka ikagundulika kuna watu wanauziana, aliyeishiwa anamwachia mwenye nacho kisha anakwenda kufia nyumbani. Tangu hapo ikawa marufuku. Asubuhi Sista akishafunga mlango wa kioo, kiti kitupu ni cha wa kwanza kwenye benchi, na aliyekikosa asubiri zamu yake nyingine.

"Hata kwa mahakama, Sista?"

"Mahakama haijaniletea mashine, mwanangu." Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka, miguu yake nayo ilivimba, kwa kusimama. "Nikikufungulia wewe nitamfungia nani? Nitajie jina, nikufungulie."

Kinyozi hakuwa na jina la kutaja. Aliondoka.

Asubuhi ya kesi alivaa shati la harusi ya shemeji yake, likakataa kufungika shingoni. Viatu navyo vilikataa. Alikwenda mahakamani na kandambili, mkewe amemshika kiwiko, na kila alipopanda ngazi alihisi maji yamepanda naye kifuani. Chumba cha mahakama kilikuwa na mafeni yanayozunguka bila kupoza kitu. Wakili alikuwapo, anapekua makaratasi. Wakili wa serikali alikuwapo, mtu wa makamo, mpole wa sura, anayefuta miwani yake kwa tai. Jaji aliingia, mama mwenye nywele fupi za mvi, watu wakasimama. Kinyozi alisimama wa mwisho.

Mshonaji hakuwapo.

Wakili wa serikali ndiye aliyeanza nalo. "Mheshimiwa Jaji, mlalamikaji mwenyewe hajafika. Anasema maisha yake yamo hatarini kwa kunyimwa tiba, na siku ya kusikilizwa hatokei. Naomba kesi itupwe."

Wakili kijana aliutazama mlango, akamtazama kinyozi, akababaika. "Mheshimiwa, tumempigia simu, haipokelewi. Pengine amezidiwa. Naomba shahidi wetu asikilizwe kwanza."

Jaji akakubali. Kinyozi akaingia kizimbani, akaapa kwa sauti ndogo hata karani akamwomba arudie. Alieleza kiti, benchi, mlango wa kioo. Alieleza vibaya, akirukaruka, lakini alieleza. Kisha wakili wa serikali akainuka.

"Pole na ugonjwa, mzee. Una watoto?"

"Mapacha."

"Walichanjwa?"

"Walichanjwa. Bure."

"Serikali ndiyo iliyowachanja. Na mfuko ni mmoja. Katiba inasema haki ya afya itatimizwa hatua kwa hatua, kadiri ya uwezo wa nchi. Tukinunua mashine za kumwosha kila anayeketi benchi lile, chanjo tuzitoe wapi? Ungekuwa wewe, ungewaambia nini akina mama wa kliniki?"

Kinyozi aliona swali ni la haki. Alilitafutia jibu kila pembe na hakuliona.

"Sijui, bwana," alisema. "Mimi ni kinyozi."

Watu wakacheka kidogo. Wakili wa serikali hakucheka.

"Basi nikuulize jepesi. Unamfahamu mlalamikaji?"

"Tunasalimiana."

"Unajua yuko wapi leo?"

Alitaka kusema hajui. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ndipo akaona, wazi kabisa kama amesimama koridoni, mlango wa kioo unafungwa, kiti chake cha dirishani kitupu, Sista anaita wa kwanza kwenye benchi. Na wa kwanza kwenye benchi ni nani, kama si mkongwe wa benchi? Bila shaka mshonaji alipita hospitali asubuhi kuweka nafasi kama kawaida yake kabla ya kuja huku. Akaitwa. Nani angekataa?

Katika mipango yote ya wakili, na muhuri, na woga wake mwenyewe, hakuna hata mmoja aliyefikiri jambo hilo: kumleta yeye hapa ni kumketisha mshonaji kule.

"Yuko kwenye kiti changu," alisema.

Wakili kijana alifumba macho. Wakili wa serikali akavaa miwani. "Rudia, tafadhali."

"Leo ni siku yangu ya kuoshwa. Niko hapa. Kwa hiyo kiti kitupu, na yeye ndiye wa kwanza. Atakuwa anaoshwa sasa hivi."

"Kwa hiyo mlalamikaji anatibiwa. Na serikali. Dakika hii."

"Anatibiwa."

"Mheshimiwa, basi hakuna aliyenyimwa kitu. Kesi imekufa yenyewe."

"Yupo!" Kinyozi alishtuka kusikia sauti yake. Alishika mbao za kizimba kwa mikono miwili, kifua kinapanda na kushuka kama kimekimbizwa. "Mimi hapa. Mimi ndiye niliyekosa leo. Sikuja kumtetea yule mama, Mheshimiwa, mimi simtaki aingie, naogopa atanipunguzia. Nilikuja kwa kuogopa muhuri. Sasa sijui zamu nyingine nitafika au sitafika. Nikikaa mimi, yeye anakufa. Akikaa yeye, ni mimi. Naogopa tu, Mheshimiwa. Sina jingine."

Mkewe alikuwa amesimama kule nyuma, kanga mdomoni. Jaji alimtazama kinyozi miguuni, zile kandambili zinazozama kwenye nyama, akaandika kwa muda mrefu.

Kuhusu kama katiba inaidai serikali mashine au haiidai, alisema, atatoa hukumu baada ya kusikiliza pande zote, na asitarajiwe kuharakisha jambo zito hivyo. Lakini mahakama haiwezi kumwita mtu shahidi ikamuua. Kwa sasa alitoa amri ya muda: mlalamikaji na shahidi wake wasikose tiba kwa sababu ya kesi hii, na hospitali imwoshe shahidi leo hii. Wakili wa serikali aliinama. Hakupinga. Alipopita karibu na kinyozi alinong'ona, "Wahi, mzee."

Kinyozi na mkewe walifika hospitali na amri mkononi, jua linaanza kuinama. Chumba kilikuwa kinafungwa, wasafishaji wameshaingia na ndoo. Umeme ulikatika asubuhi, mashine zikachelewa kuanza, na mshonaji alikuwa bado dirishani, mirija imemtoka shingoni, nyekundu. Alipomwona kinyozi ule ulimi wote ulipotea. Aligeuza uso ukutani na kushika mikono ya kiti, vidole vyeupe, na kinyozi akaujua ule mshiko.

Sista Mkuu alisoma amri akiwa amesimama. Akaisoma tena ameketi.

"Wananiletea karatasi," alisema. "Muuguzi wa jioni hawakuniletea." Alivua saa ya mkononi akaiweka mfukoni, akavaa glavu mpya. "Akimaliza huyu, unaingia wewe. Nitabaki mwenyewe. Lakini nisikie mtu ananiita mkali tena!"

Mshonaji akamaliza, akateremka, akapepesuka. Kinyozi akaketi kwenye plasta iliyokuwa bado na joto lake. Sindano ikaingia, mashine ikaanza kunguruma, na woga ukashuka kidogo, lakini haukuisha. Kwa maana nje ya kioo benchi lilikuwa halijaondoka. Walikuwa wamesikia. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alibisha kwa kidole.

"Sista, na sisi amri imetutaja?"

Sista hakugeuka. "Hapana, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akarudi kuketi.

Mshonaji alibaki ndani, amejibanza kwenye ukuta kando ya kinyozi, bandeji shingoni. Alisema bila kumtazama, "Niliitwa, kaka. Nilisema moyoni, nikatae, niende mahakamani. Miguu ikaingia yenyewe."

"Hata yangu ingeingia."

"Wakili kapiga simu. Anasema serikali italeta mashahidi wake, halafu jaji atataka kukusikia tena. Anasema ulisema hutaki nishinde."

"Nilisema. Ukishinda watakaa wote wale." Aliinua kidevu kuelekea kwenye kioo. "Mashine hizihizi."

"Nikishindwa, wataendelea kukaa palepale." Akamgeukia. "Utakwenda tena?"

"Naogopa, dada."

"Sikukuuliza hilo. Mimi pia naogopa."

Kinyozi alitazama damu yake ikizunguka kwenye mirija, ikitoka, ikirudi. Koridoni mtu alikohoa kikohozi kile cha maji, kizito, na benchi likalia lilipokaliwa upya.

"Mwambie wakili," alisema, "safari hii aniite siku isiyo ya kuoshwa. Na amwite yule mzee wa kofia naye. Aseme mwenyewe."

Mshonaji alitoa simu. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshikilia bandeji shingoni, ikabidi kinyozi aishike kwa mkono wake usio na sindano wakati yeye akibonyeza.