Masaa Manne na Nukta Saba

Vumbi la kwetu ni jekundu, na kosa lilikuwa langu. Wacha nianze na kosa, maana vumbi halina aibu, litaingia lenyewe bila kukaribishwa.

Mimi Purvis ni karani wa Mpango wa Heshima, ule wa wanafunzi bora, kwenye chuo kikuu kidogo kilichokaa katikati ya mashamba ya pamba, huku magharibi ya Texas, ambako ukipiga chafya kaunti nzima inakutakia afya. Ni mimi niliyemwambia Yesenia Ontiveros, kwa mdomo huu unaopenda mzaha kuliko kanuni: "Mwanangu, masaa yako ya maabara yaandike na kwenye kujitolea. Maji si ni yale yale?"

Akaniamini. Akaandika. Na Ijumaa asubuhi kamati ikarudisha fomu yake: saa moja haihesabiwi mara mbili, ama umewahudumia watu, ama umefanya utafiti. Katika masaa thelathini ya kujitolea, manne yamekatwa. Na mwisho wa kupokea fomu ni leo hii, saa kumi na moja jioni.

Masaa manne. Masaa manne tu, na mlima mzima umesimama juu yake.

Yesenia alizipokea habari hizo kwenye ukumbi wa maonyesho ya utafiti, amekumbatia bango lake kama mtu aliyetoka kliniki na mtoto mchanga. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Bwana Purvis," alisema, "mama ameshatangaza kanisani."

Basi. Mama ameshatangaza kwamba Jumamosi ijayo, kwenye mahafali, jina la bintiye litasomwa pamoja na wenye heshima, jina la kwanza la akina Ontiveros kusomwa mahali popote isipokuwa kwenye orodha ya vibarua. Baba, dereva wa mashine ya kuvuna pamba, ameshanunua kofia. Bila yale masaa manne jina litasomwa, ndiyo, lakini bila heshima, litapita kama gari lisilosimama.

Na asingeweza kwenda kokote! Kuanzia saa nne mpaka saa sita na nusu ilimbidi asimame kando ya bango, aeleze utafiti wake kwa yeyote apitaye. Hiyo ndiyo sehemu ya kitaaluma. Ukiikosa, yote yamekwenda. Akasimama. Moyo unakimbia, miguu imetulia.

Ah, bango lenyewe! Ramani ya mji wetu na visima vyake, na kila kisima nukta. Mwaka mzima binti huyu alibisha milango ya wazee, chupa begani, tabasamu mbele, akiwapimia maji bure. Nukta ya buluu, kunywa. Nukta nyekundu, aseniki, sumu isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyobisha hodi. Za buluu zilikuwa nyingi, zimetapakaa kama kuku uani. Nyekundu zilikuwa saba tu, lakini saba hizo zilijipanga, moja nyuma ya nyingine, zimenyooka kama uzi uliovutwa.

Kwa nini zimenyooka? Aliuliza udongo, aliuliza miamba, aliuliza maprofesa wawili. Hakuna aliyejua. Chini kabisa ya bango aliandika kwa unyonge: sababu haijulikani. Neno hilo lilimchoma kama kokoto ndani ya kiatu.

Nukta ya tatu kati ya hizo saba ni kisima cha Mzee Odell Stamps, miaka themanini na minne. Mara ya kwanza Yesenia alipokwenda kwake kuchukua maji, mzee alimletea jagi la kioo, maji yamechujwa mara mbili, yana barafu na ndimu.

"Mzee wangu, nataka maji kama yalivyo!"

"Nikupe maji ya kisima hivi hivi, mgeni wangu? Unanionaje, binti? Mimi nina malezi."

Nyumba kumi na moja zilimfanyia hivyo. Huku kwetu mgeni hapewi maji yasiyopambwa, hata kama amekuja kuyapima. Nyumba zote kumi na moja akazirudia, akazibembeleza, akapewa na keki juu.

Sasa wazee wale wakaja kumwona. Saa sita na robo gari la kituo cha wazee liliegesha mlangoni, wakashuka ishirini na mmoja, na fimbo zao, na manukato yao, na Mzee Odell mbele kama gavana. Aliyewaleta ni Bi Lorene Hatch, msimamizi wa kituo, ambaye ndiye hutia sahihi masaa ya Yesenia.

"Tupishe," Mzee Odell alimwambia profesa mmoja. "Tumekuja kwa mwenyewe."

Na hapo, saa sita na nusu, mbingu ikaanguka.

Ilikuja kutoka magharibi, ukuta mwekundu, mrefu kuliko mnara wa maji, ukitembea. Ukameza uwanja. Ukameza maegesho. Simu zote zikalia kwa pamoja. Barabara kuu ikafungwa, umeme ukakatika, na adhuhuri ikawa rangi ya chungu.

"Bi Lorene, taulo!" Yesenia alipiga kelele. "Zilowe maji, chini ya milango! Mzee Odell, funika pua, acha kuangalia!"

"Nimeona vumbi kubwa kuliko hili."

"Najua, mzee wangu. Funika hivyo hivyo."

Saa ya kwanza: taulo, viti, vidonge vya presha, nani hajala, nani ana kisukari, wapi choo, shika mkono wangu. Saa ya pili: mikate na burito zilizobaki za maonyesho zikagawiwa, kila mtu na nusu yake, na wajukuu wakapigiwa simu mmoja mmoja, bibi yuko salama, babu yuko salama, babu anasema ulishe paka. Saa ya tatu: dhumna zikatoka kwenye mkoba wa mtu, na kelele za dhumna zikaishinda kelele ya upepo. Yesenia alikimbia, alicheka, alikimbia. Hakuitazama saa. Mimi niliitazama kwa niaba yake.

Saa ya nne Mzee Odell alishindwa mchezo, akakasirika, akaenda kuangalia ramani kwa tochi ya simu.

"Kwangu hapa. Kwa Teague hapa. Kwa marehemu Pruitt." Kidole chake kilitembea kwenye nyekundu, moja, mbili, tatu, mpaka saba. Kikasimama. "Binti. Nani kakuchorea uwanja wa ndege?"

"Uwanja gani?"

"Wa ndege ya kunyunyizia! Kabla nyumba hazijajengwa. Ile dawa ya kukaushia majani ya pamba, aseniki tupu, ndege ilitua hapa, ikakimbia mpaka hapa, na matangi yakaoshwa humu njiani, humu humu, maji yakamwagwa chini." Akagonga nukta yake ya tatu. "Nilikuwa naosha mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Wacheza dhumna wakaacha mchezo, wakasogea kwenye ramani.

Kisha, jamani, ukumbi ukalipuka! Nakumbuka ile ndege, ilikuwa ya njano! Si njano, ilikuwa nyeupe! Kulikuwa na shimo la pili, nyuma ya kiwanda! Mume wangu aliendesha lile lori! Wazee ishirini na mmoja, mikono ishirini na mmoja juu ya ramani moja, na Yesenia katikati, nywele zina vumbi, macho yanawaka: "Mmoja mmoja! Mwaka gani? Onyesha wapi! Rudia, mzee wangu, polepole!"

Ilipofika saa kumi na nusu Bi Lorene alitia sahihi yake: masaa manne, huduma.

"Hii ya mwisho si utafiti?" nilimuuliza, maana nimeshaumwa na nyoka wa kanuni.

"Purvis, kama kuwasikiliza wazee si huduma, basi mimi sijui nimeajiriwa kufanya nini."

Ikabaki sahihi moja tu, ya Yesenia mwenyewe. Nikamwekea fomu mkononi, nikakimbia kufungua ofisi. Saa kumi na dakika hamsini hajaja. Nikarudi mbio, tumbo linanitangulia.

Nikamkuta amepiga magoti sakafuni. Daftari lake limejaa. Anaandika mgongoni mwa fomu: mwaka, shimo, jina, jina, jina. Ameumaliza mgongo, ameigeuza, sasa anaandika pembeni, anazunguka sahihi ya Bi Lorene kama maji yanavyozunguka jiwe. Mzee Odell anamwinamia, anaonyesha, anaanza upya.

"Yesenia," nikasema. "Mwanangu. Dakika tano. Nipe hiyo karatasi."

"Ngoja, Bwana Purvis," alisema bila kuinua kichwa, "mzee bado hajamaliza."