Chungu cha Dengelua

Mama aliingiza kichwa chote ndani ya chungu cha bibi, mbele ya watu, akanusa. Kibao kilichoandikwa "Usiguse" kilikuwa karibu na kiwiko chake, lakini mama hakujua kusoma, na siku hiyo hata angejua asingekisoma. Alipotoa kichwa, sura ilikuwa imembadilika.

"Sabuni," aliniambia kwa Kigweno, taratibu. "Yudith, kimeoshwa kwa sabuni."

Bibi harusi wa mwezi ule nilikuwa mimi.

Tulikuwa Same, katika ukumbi wa baraza, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa ametangaza maonyesho ya vitu vya asili, vya watu wa milimani na wa tambarare pamoja, na vile vitakavyopendeza vingepelekwa kwenye nyumba ya makumbusho huko Dar es Salaam, vikae katika makabati ya vioo milele. Mezani, juu ya vitambaa vya marekani, palikuwa na mivukuto ya wahunzi, majembe, ngao, shanga na vibuyu. Kila kitu kilikuwa safi kuliko kilivyozaliwa. Upepo wa tambarare uliingia na vumbi lake, na karani mmoja alipita na kitambaa akilifuta.

Chungu chetu kilikuwa katikati, kimepakwa mafuta kikang'aa kama paji la uso la bwana harusi. Bibi yangu Nakijwa alikifinyanga kabla Mjerumani hajafika Ugweno, na tangu hapo hakikuwahi kuoshwa. Kilisuuzwa kwa maji ya miwa, basi. Ukikijaza maji ya miwa hukuwa na haja ya kutia chachu. Uchachu ulikuwa umelala katika udongo wenyewe, na baada ya siku chache ungekisikia kikinong'ona peke yake pembeni mwa nyumba. Hiyo ndiyo dengelua yetu, pombe ya miwa. Kwa ukoo wa mama yangu, binti haendi kwa mume kabla wajomba hawajanywa ya chungu kile na kumtemea mate ya baraka kifuani. Ya chungu kingine haikubaliki, wala chachu ya jirani haitiwi humo. Bibi mwenyewe alipokuwa akikata roho hakuulizia shamba wala ng'ombe. Aliuliza chungu kiko wapi.

Basi baba alikitoa. Baba, Manase, alikuwa mzee wa kanisa pale Shighatini, mtu mwema, mwenye koti moja jeusi na aibu nyingi. Kanisani pombe ilikatazwa, na kila mchungaji alipokuja kwetu kunywa chai, chungu kilifunikwa gunia. Tangazo la maonyesho lilipofika, baba akaona mlango wa kutokea. Mama alipokwenda kwao kuwaalika wajomba, baba alikisugua kwa sabuni na mchanga, akakipandisha kwenye lori la kahawa, akasema ni chungu cha maji. Mama aliporudi alikuta alama ya duara tu sakafuni. Jirani akatuambia kimekwenda Same. Tukashuka mlima.

Kando yetu ukumbini alisimama mama mmoja wa Kimasai, Nasieku, kama nilivyosikia wenzake wakimwita. Naye alikuwa ametoka kunusa kibuyu chake cha maziwa.

"Hata yangu wameosha," alimwambia mama kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Mimi nafukiza moshi, miaka mingi. Sasa inanuka hospitali."

Akacheka. Mama naye akacheka, kicheko kikavu cha watu waliofiwa pamoja.

Hapo ndipo yule karani, Kassimu, alipotujia akiwa na Bwana wa makumbusho, Mzungu aliyetoka Dar es Salaam. Nyuma yao alikuwa baba, aliyeshuka na chungu, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema Kassimu. "Bwana amekipenda hiki kuliko vyote. Anataka kwenda nacho. Ni cha maji, sivyo?"

"Marahaba, mwanangu."

Mama alimtazama baba, nami nikajua anapima nini. Akisema pombe, baba hatafika Jumapili nyingine akiwa mzee wa kanisa. Akisema maji, kazi ya bibi Nakijwa itakaa kiooni milele na jina lisilo lake, nami nitaondoka nyumbani bila mate ya wajomba.

"Muulize aliyekiosha," alisema.

Watu waligeuka, na miongoni mwao walikuwamo waumini wenzetu. Baba aliizungusha kofia vidoleni. Nilimwonea huruma hata nikataka kujibu mimi.

"Si cha maji," alisema mwishowe. "Ni cha dengelua. Nilinywea humo siku niliyopewa huyu mwanamke." Akameza mate. "Na Mungu anisamehe, sijanywa kitu kizuri kama kile."

Kassimu alitafsiri. Bwana akachangamka, sasa ndipo alipokitaka zaidi. Lakini mama alikuwa amekwisha kukikumbatia.

"Mwambie kina kazi nyumbani," alisema.

Nasieku alikuja kusimama ubavuni mwake bila kuombwa, kibuyu chake kwapani, na Bwana hakubishana na wanawake wawili waliosimama namna ile. Nimekuwa bibi sasa. Nyumba ile ya makumbusho niliwahi kuiona kwa nje, sikuingia. Niliogopa nisije nikanusa sabuni.

Jumapili baba alivuliwa uzee, na koti jeusi likatundikwa. Mama alikamua miwa, akakijaza chungu, akangoja. Ilikuwa Juni, ukungu umeilalia Ugweno, baridi inauma. Kila asubuhi alikitegea sikio. Hakikunong'ona. Mara nyingine nilimkuta amekiwekea mkono ubavuni, kama anayempima mtoto homa.

Siku ya wajomba ikafika. Mjomba Anaeli, mkubwa wao, aliketi akangoja kata. Mama alichota polepole, maana wa nyumbani sote tulijua kuwa mle mna maji ya miwa matupu, ya kumpa mtoto. Baba akamshika mkono. Akaichukua kata yeye, yeye ambaye hakuwa ameonja pombe tangu siku ile aliyopewa mke, akanywa, akafumba macho.

"Kali," alisema. "Mama Yudith, safari hii umetuweza."

Akajaza tena, akampa mjomba. Mjomba akaonja. Alimtazama baba, akamtazama mama, akakitazama chungu kilichokuwa bado kinang'aa kwa mafuta ya maonyesho. Kisha akanywa yote, akafuta midomo kwa kiganja.

"Kali mno," alisema. "Nishikeni mkono, nisije nikaanguka."

Wakamshika. Akanijia akipepesuka, akanitemea baraka kifuani, mate matamu ya miwa. Mama alikuwa ametugeuzia mgongo, ameinamia mafiga, akichochea moto ambao haukuwa na kitu juu yake.