Kikapu Alicholalia Bijou

Jumamosi ya Pasaka mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na njia za mtaa wa Kilibula zilikuwa matope matupu wakati gari la Frédéric lilipofika mbele ya nyumba ya mama yake. Consolate, mdogo wake, alitoka na mwavuli kuwapokea. Wa kwanza kushuka hakuwa kaka yake, wala mkewe Pélagie, wala watoto wao wawili. Alikuwa mbwa mdogo mweupe, manyoya marefu, utepe mwekundu shingoni. Alipita katikati ya miguu ya Consolate, akaingia sebuleni na matope yake.

"Usiogope, hana shida," alisema Pélagie. "Anaitwa Bijou. Tunamuosha na shampuu."

Mama Niyonsaba alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameificha chini ya kitenge kama alivyozoea mbele ya wageni. Alipokuwa msichana huko bondeni Ruzizi alipatwa na ukoma. Alitibiwa, akapona kabisa hata kabla ya kuolewa, lakini vidole vilikuwa vimekwisha kuliwa. Vilibaki vifupi, vingine bila kucha. Kwa mikono hiyo alilima, akawalea watoto wake wawili, akasuka vikapu vilivyomsomesha Frédéric mpaka akapata kazi ya ofisi Bukavu.

"Mama, uko muzima?" Frédéric alimsalimia kwa mbali, akapunga mkono, kisha akageuka kushusha mizigo. Consolate alidhani anaikimbia mvua.

Katika mizigo kulikuwa na katoni moja nzito. Pélagie aliifungua mwenyewe mezani, akatoa sahani, vikombe na vijiko vyao. "Ni sababu ya batoto," alisema. "Tumbo yao iko nyepesi."

Consolate alikuwa ameamka mapema kukaanga samaki, kupika wali na sombe ya majani ya muhogo. Alisogeza sahani zake kando, akapakua kwenye zile za wageni. Lakini alipoketi kula, macho yake hayakuweza kuondoka kwa wifi yake. Bijou alikuwa amepakatwa, pua ndani ya sahani, akilamba mchuzi. Mbwa alipotosheka, Pélagie alichukua kijiko akaendelea na chakula kilekile. Mate yalimjaa Consolate mdomoni, machungu. Akageukia upande wa pili, akamwona mama yake anakula peke yake kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, bila kuambiwa na mtu.

Jumapili, baada ya misa, jua lilitoka. Mama alitandika mkeka uani, akatoa nyasi zake, nyuzi zilizotiwa rangi, na sindano yake nene. Wajukuu wake, Chance na mdogo wake Gédéon, walimzunguka mara moja. Chance alitaka kujua jinsi kikapu kinavyoanza, kwa maana hakuona mwanzo wala mwisho.

"Inaanza na kitu kidogo kama kitovu," mama alimwambia. Akakibana kipande cha nyasi kati ya viganja vyake, akasukuma sindano kwa kifundo cha kidole gumba, akavuta. "Sasa weye."

Mtoto akajaribu, uzi ukamponyoka, na bibi yake akaishika mikono yake kumwongoza. Kando yao, juu ya mkeka, kulikuwa na kikapu kingine kikubwa kilichokamilika, chenye kifuniko kirefu kilichochongoka, kile ambacho Warundi wanakiita agaseke. Mama alikuwa amekisuka Kwaresima nzima kwa ajili ya wajukuu hawa. Alimpa Chance akipeleke nyumbani.

Pélagie alitoka ndani wakati huo. Alisimama, akatazama mikono ya binti yake ndani ya mikono ile mingine, uso ukamkunjamana kama mtu aliyekanyaga kitu kibichi gizani. "Chance. Gédéon. Kuya hapa." Akawakokota mpaka kwenye robine ya maji nyuma ya nyumba, akawasugua kwa sabuni, kisha akamimina javel, dawa kali ya kuulia vijidudu, kwenye maji na kuwaosha tena mpaka Gédéon akalia. Harufu ya javel ilijaa uani. Mama aliendelea kusuka, kichwa chini.

Frédéric alikuwa kwenye kiti barazani na simu yake.

"Yaya, umeona ile?" Consolate alimwuliza kaka yake mkubwa.

"Anaogopa tu microbe. Unajua vile iko."

"Na yule mbwa hana microbe?"

Frédéric alisogeza kidole juu ya simu.

Asubuhi ya Jumatatu, Consolate alipeleka chai kwenye chumba cha wageni, na harufu ikampokea mlangoni. Kwenye kona, ndani ya kikapu cha mama, Bijou alikuwa amelala. Kifuniko kilikuwa kimetafunwa. Mbwa alikuwa ametapika wali na samaki pande zote, na matapishi yameingia katikati ya nyuzi nyekundu na nyeusi, mengine yamemganda kwenye manyoya. Consolate aliziba pua kwa mkono mmoja. Aliweka chai chini.

"Nilikosa kitu cha kumulalisha," Pélagie alisema kutoka kitandani, wala hakuona haya. "Na nyumbani hatungekipeleka. Mikono yenye ilikitengeneza unaijua."

Frédéric alikuwa anafunga vifungo vya shati.

"Na weye unasema nini?" Consolate alimwuliza.

"Ni kikapu tu, Consolate. Nitamununulia mama kitu kizuri."

Hapo ndipo kinyaa chake kilipohama. Kilimwacha mbwa, kikamwacha Pélagie pia, kikamkalia kaka yake. Alimtoa Bijou, akakibeba kikapu kwa mikono miwili pamoja na uchafu wake, akamwekea Frédéric kifuani mpaka ikambidi akipokee.

"Enda ukioshe. Weye mwenyewe."

Alienda, labda kwa sababu dada yake alikuwa amesimama kwenye njia na hakukuwa na pengine pa kupita. Kwenye robine alichuchumaa, uso ameupinda pembeni, akikishika kikapu kwa ncha za vidole viwili. Mama alikuwa karibu hapo anawasha makaa. Alikitazama kikapu.

"Mbwa iko mugonjwa?"

"Alikula sana, mama."

"Mumupe maji ya muchele." Akapuliza makaa. "Na kikapu kilifikaje kwa mbwa?"

Maji yalikuwa yanatiririka. Consolate alingoja kaka yake aseme jambo lolote, hata uongo. Aliendelea kusuuza. Consolate naye alijichukia kidogo, kwa sababu siku mbili zote alimwacha mama ale mlangoni ili sikukuu ipite vizuri.

"Acha," mama alisema mwishowe. "Harufu ile haitatoka. Kichomeni." Akaingia ndani.

Waliondoka kabla ya saa sita. Pélagie aliingia garini na mbwa wake aliyeoshwa, akafunga dirisha. Majirani walikuwa wametoka kuaga. Frédéric alimwendea mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu afike alimnyooshea mkono.

Mama hakuitoa mikono yake chini ya kitenge. "Mwende salama," alisema. "Barabara iko na utelezi."

Mkono ulibaki hewani. Kisha Frédéric akaushusha, akaufuta kwenye suruali, ingawa hakuna aliyeugusa. Consolate aliona. Gari lilipopinda kona alitema mate kwenye matope, akaenda nyuma ya nyumba kuchoma kikapu.

Mchana alipakua chakula, akamwita mama mezani, wakala kwenye sahani moja. Consolate alimega matonge machache, akakikumbuka kigoda cha mlangoni, akanawa. Mama alikula polepole mpaka akamaliza, akasema samaki walikaangwa vizuri.